Hita ya tangi inakula umeme: niwe naizima na kuiwasha, au niiache ikiwaka muda wote?

NyumbaYaJuu

Wakuu, habari zenu. Nina hita ya umeme ya tangi, lita 100, elementi ya kilowati 3, imefungwa ukutani bafuni. Tuko watu wanne, kila mmoja anaoga mara moja kwa siku, wote asubuhi. Sinki la jikoni nalo linatumia maji ya tangi hilohilo, bomba lina urefu wa mita 12 hivi. Thamostati iko ndani ya kifuniko, sijui imewekwa nyuzi ngapi.

Nimeambiwa mambo mawili yanayopingana. Wapo wanaosema niizime kila baada ya kuoga. Wengine wanasema maji yakishapoa, kuyapasha upya kunakula umeme mwingi kuliko kuyaacha yakiwa moto. Nani yuko sahihi? Na kabla sijafikiria kununua hita nyingine, nianze na kipi?

---

Spana14

Hoja ya kwamba kupasha maji yaliyopoa kunakula zaidi si kweli. Tangi hupoteza joto kwa kadiri lilivyo la moto kuliko hewa inayolizunguka. Likipoa, upotevu nao unapungua, kwa hiyo umeme wa kulirudisha kwenye joto lake hauwezi kuzidi ule ambao ungetumika kulishikilia hapohapo. Lakini wanaosema zima kila mara nao hawaangalii ni saa ngapi wanazima, na faida yote iko kwenye saa hiyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunataka wati-saa 1.16. Tangi la lita 100 likitoka nyuzi 20 hadi 60 linataka yuniti 4.65 (yuniti moja ni wati-saa 1,000), na elementi ya kilowati 3 itachukua kama saa moja na dakika 33. Sasa chukua tangi la kawaida linalopoteza yuniti 2 kwa siku likiwa moto muda wote. Ukilizima usiku kwa saa 10 likiwa limejaa maji ya nyuzi 60, litashuka nyuzi 6 au 7 tu. Umeokoa kama wati-saa 70, yaani hata sehemu ya kumi ya yuniti haifiki. Ndiyo maana watu huzima usiku, wanasubiri mwisho wa mwezi, hawaoni tofauti.

Faida inakuja ukizima kabla maji ya moto hayajatumika. Watu wanapooga, maji ya moto yanatoka juu ya tangi na ya baridi yanaingia chini. Hita ikiwa imewashwa, inaanza kupasha hayo ya baridi mara moja, kisha inayashikilia moto hadi kesho asubuhi bila mtu wa kuyaoga. Kwa hiyo zima mtu wa kwanza anapoingia bafuni. Mkimaliza, tangi limebaki na maji ya baridi au vuguvugu, na tangi la baridi halina cha kupoteza. Liwashe tena saa moja na nusu hadi mbili kabla ya kuoga kesho yake. Katika yuniti 2 zinazopotea kwa siku unaweza kuokoa zaidi ya moja. Kwa sababu hita itakuwa inawaka alfajiri, tumia taima, usitegemee mtu akumbuke. Elementi ya kilowati 3 kwa volti 230 inavuta ampea 13, basi taima iwe ya ampea 16 na kuendelea, tena iwe ya kufunga kwenye boksi la umeme. Zile za kuchomeka kwenye soketi huyeyuka mguu wa plagi kwa mzigo wa namna hiyo unaokaa saa nzima na zaidi.

Hata hivyo, si huko ningeanzia. Kabla ya taima nataka kujua shawa yako inatoa lita ngapi kwa dakika.

---

Mtondoo

Naunga mkono swali la Spana14, kwa sababu shawa inazizidi hizo nyingine zote kwa mbali.

Chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Fungua shawa kama mnavyofungua mkiwa mnaoga, moto na baridi pamoja, si hadi mwisho kwa ajili ya kipimo. Hesabu sekunde hadi ndoo ifike alama ya 10, kisha gawa 600 kwa sekunde hizo. Ndoo ikijaa kwa sekunde 50, hiyo ni lita 12 kwa dakika. Ikijaa kwa sekunde 85, ni lita 7. Shawa nzuri ya lita 6 hadi 8 inatosha kusuuza nywele nzito bila shida.

Watu wanne, dakika 5 kila mmoja, lita 12 kwa dakika: ni lita 240 za maji ya nyuzi 40. Kuyatoa kwenye nyuzi 20 ni yuniti 5.6. Kwa lita 7 ni lita 140, yuniti 3.3. Hiyo ni yuniti 2.3 kila siku kwa kubadilisha kichwa cha shawa peke yake. Kuna jambo jingine la muhimu hapo: tangi la lita 100 lenye maji ya nyuzi 60, ukichanganya na baridi, linakupa kama lita 160 za kuogea kabla halijaanza kupoa. Kwa lita 240 tangi halitoshi, utalazimika kuiacha hita ikiwaka mnapooga. Kwa lita 140 linatosha. Kwa hiyo shawa ndiyo inayokuwezesha kuzima kama Spana14 alivyoelekeza.

Kabla ya kununua, jua maji yako yanakuja kwa presha gani. Kama yanashuka kutoka tangi la juu ya paa, kila mita 10 za kimo ni baa 1 tu. Tangi likiwa mita 3 juu ya shawa una baa 0.3, na vichwa vingi vya kubana maji vimetengenezwa kwa baa 1 au zaidi. Ukikifunga hapo utapata maji ya kudondoka. Kwa presha ndogo tafuta kichwa chenye uso mdogo na matundu machache, si kile kipana kama sahani, na usiweke kile kiplastiki cha kubana kinachokaa shingoni.

Kufunga hakuhitaji fundi. Fungua kichwa cha zamani kwa mkono, kikikataa zungushia kitambaa ndipo utumie spana ili usikwangue. Safisha nyuzi za skrubu za shingo, zungusha tepu nyeupe mara 4 au 5 kufuata upande wa kukazia, hakikisha washa ya mpira imo ndani, kaza kwa mkono kisha robo ya mzunguko tu. Kikivuja, mara nyingi washa imekaa upande au tepu imezungushwa kinyume na kujikunja. Kukaza zaidi kunapasua plastiki.

---

BintiSefu

Mimi nimeona hizo mita 12 za kwenda jikoni, na hapo kuna upotevu ambao wengi hawauhesabu.

Bomba la plastiki la PPR la milimita 25 linabeba kama lita 0.22 kwa kila mita. Mita 12 ni lita 2.6. Kila mtu anapofungua maji ya moto jikoni, lita 2.6 za baridi zinamwagika kwanza, na akifunga, lita 2.6 za moto zinabaki ndani ya ukuta na kupoa. Hizo ni wati-saa 120 kila mara. Mara kumi kwa siku, umepoteza yuniti 1.2 bila kuosha hata kikombe. Mbaya zaidi ni wa kunawa mikono kwa sekunde 15: tangi limetoa maji ya moto, na yeye amenawa ya baridi.

Kama bomba la sinki ni la mkono mmoja, mkono ukikaa katikati unavuta nusu moto nusu baridi. Uwekeni upande wa baridi muda wote, na wenye watoto waweke alama. Vyombo vioshwe kwa mkupuo mmoja, si kimoja kimoja kila kinapochafuka.

Kwa nyumba yenu ningefunga kabisa koki ya moto chini ya sinki na kutumia birika la umeme. Chemsha lita 2, changanya na lita 4 za baridi kwenye beseni: unapata lita 6 za nyuzi 46 hivi, moto wa kutosha kukata mafuta. Imekugharimu wati-saa 190. Maji hayohayo kutoka kwenye tangi yangekugharimu 180, halafu ongeza zile 120 zinazobaki kwenye bomba. Birika linashinda kwa sababu ya umbali tu. Sinki likiwa mita 2 kutoka kwenye hita, hesabu inageuka.

Na birika lenyewe lichemshe maji yanayohitajika. Maji ya chai ya mchana yakibaki, yatiwe kwenye chupa ya chai, yasiachwe yapoe kisha yachemshwe tena.

---

NyumbaYaJuu

Asanteni sana, nimepima. Shawa inatoa lita 12. Maji kwenye bomba lililo karibu na hita yamefika nyuzi 74 kwa kipimajoto cha jikoni. Pia nimezima vyote ndani ya nyumba, hadi friji, nikaacha hita tu kuanzia saa 3 usiku hadi saa 3 asubuhi bila mtu kugusa maji ya moto. Mita imesonga yuniti 1.9. Kitu kingine: bomba la kutoka kwenye hita ni la moto mita nzima kwenda juu hata kama hakuna anayetumia, na ile valvu ya pembeni inadondosha. Kuna aliyenishauri nishushe thamostati hadi 45 na niizibe valvu.

---

Spana14

Mkuu, valvu usiizibe. Hiyo ndiyo inayozuia tangi lisipasuke thamostati ikigoma na maji yakaendelea kuchemka. Bomba lake lazima liwe wazi, lielekee chini, lisiwe na koki wala kifuniko.

Yuniti 1.9 kwa saa 12 ni wastani wa wati 158. Tangi la lita 100 lenye sponji nzima ya kuzuia joto lingepoteza karibu nusu ya hapo. Nyuzi 74 ni sehemu ya sababu. Nyumba ikiwa na nyuzi 20, kushuka hadi 60 kunapunguza upotevu kwa robo nzima, kutoka tofauti ya nyuzi 54 hadi 40. Zinazobaki zina njia nyingine ya kutokea, na hilo bomba la moto linakuonyesha mojawapo.

Maji ya moto ni mepesi. Bomba likitoka kwenye tangi na kupanda moja kwa moja, maji ya moto yanapanda katikati ya bomba, yanapoa, yanashuka pembeni ya bomba hilohilo. Mzunguko huo haukomi usiku kucha. Dawa yake ni kulifanya bomba lishuke kwanza sentimita 20 hivi mara linapotoka kwenye hita, ndipo lipande. Maji ya moto hayashuki yenyewe, kwa hiyo mzunguko unakatika. Fundi akiwa hapo, avalishe sponji ya bomba mita 2 za kwanza, la moto na la baridi pia, unene wa milimita 13 au zaidi. Kiungo kati ya vipande kizibwe kwa gundi au tepu. Penye mwanya, joto linatokea hapo.

Njia ya pili ya kuangalia ni baridi kupenya upande wa moto. Zima umeme wa hita, funga koki ya baridi inayoingia kwenye hita, kisha fungua bomba la moto la sinki lolote. Maji yanapaswa kukata baada ya muda mfupi. Yakiendelea kutiririka, yanatoka upande wa baridi kupitia bomba la kuchanganyia ambalo katriji yake (kiini cha ndani kinachofungua na kufunga maji) imechoka. Chunguza hasa shawa ya mkononi yenye kitufe cha kusimamisha maji: mtu akibonyeza kitufe na kuacha koki mbili wazi ukutani, moto na baridi vinasukumana humo ndani siku nzima. Zoea kufunga ukutani.

Kuhusu valvu, weka kikombe cha kupimia chini yake. Maji yakipata joto yanatanuka. Lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka lita 1.5, na kama kuna valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, ongezeko hilo lazima litoke hapo. Kwa hiyo kudondosha hita inapopasha ni kawaida. Kudondosha saa zote, hita ikiwa imetulia, si kawaida: ama presha ya maji ya nyumba imezidi, ama uchafu umekaa kwenye kiti cha valvu. Inua kile kimkono kidogo sekunde chache, maji yasukume uchafu (simama pembeni, ni ya moto). Isipokoma, pima presha. Ikiwa chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye valvu, badilisha valvu. Ukikusanya nusu lita kwa saa, hiyo ni lita 12 kwa siku, zaidi ya nusu yuniti inayomwagika.

---

Jotoridi

Niingilie kwenye hizo nyuzi 45, maana ushauri huo unaonekana wa kubana matumizi na una hatari. Bakteria wa Legionella huzaliana vizuri kati ya nyuzi 20 na 45, na huingia kwenye mapafu kupitia matone madogo mno ya maji ya shawa yanayoelea hewani. Tangi la nyuzi 45 linawapa makazi, hasa chini kabisa ambako maji hayafiki hata hizo 45. Shirika la Afya Duniani linaelekeza maji ya moto yahifadhiwe kwa nyuzi 60 au zaidi. Ukitumia taima hilo halikuzuii: hakikisha tu kila inapowaka inafika 60 kabla ya kuoga, isikatwe njiani.

Nyuzi 60 nazo zinaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, ya mtoto upesi zaidi, na 74 ni hatari kubwa zaidi. Mkiwa na mtoto au mzee, wekeni valvu ya kuchanganyia yenye thamostati kwenye bomba linalotoka, ipangwe nyuzi 45 hadi 48. Tangi linabaki 60, bombani hayatoki ya kuunguza.

Kushusha thamostati:

1. Zima sakiti breka ya hita, si swichi ya ukutani pekee.
2. Fungua kifuniko cha chini, na kabla ya kugusa kitu pima kwa testa kwamba nyaya hazina umeme.
3. Zungusha kidude cha thamostati kwa bisibisi bapa, kidogo kidogo. Alama zake mara nyingi si sahihi.
4. Rudisha kifuniko, washa, subiri hadi hita ikate yenyewe.
5. Pima maji kwenye bomba la karibu baada ya kuyaacha yatoke dakika moja. Rudia hadi upate 60.

Ukiona waya umebadilika rangi au plastiki imeungua hapo ndani, usirekebishe chochote, mwite fundi umeme. Na ikiwa tangi limewahi kumwagwa, usiwashe hadi maji yatoke bila hewa kwenye bomba la moto. Elementi ikiwaka nje ya maji inakatika kwa muda mfupi sana.

---

NyumbaYaJuu

Nimeelewa, valvu haizibwi. Je, kusafisha elementi iliyojaa ukoko wa chokaa kutapunguza umeme? Na nikifunika tangi kwa blanketi la sponji?

---

Spana14

Ukoko kwanza. Wengi wanasema unapandisha bili, lakini kwenye hita ya tangi ya umeme elementi imezama ndani ya maji, kwa hiyo joto lake lote linaishia majini hata kama linachelewa kupita. Madhara yake ni mengine: elementi inajichoma kwa ndani na kukatika, na ukoko uliolala chini unakula nafasi ya maji. Kwenye hita za gesi ni kweli ukoko unapoteza nishati, kwa sababu joto lisilopita majini linatoka na moshi. Sababu nzuri zaidi ya kufungua tangi ni anodi, ile fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya chuma cha tangi. Ikaguliwe kila mwaka mmoja au miwili. Ikibaki chini ya nusu ya unene au waya wa katikati ukionekana, badilisha, pamoja na mpira wa muhuri, maana wa zamani hauzibi mara ya pili.

Blanketi lina maana kama tangi ni la zamani. Weka kiganja ubavuni: ukihisi joto waziwazi, sponji ya ndani ni nyembamba au imelowa. Funika kuta zote na juu, lakini acha wazi kifuniko cha thamostati, valvu na kibao cha maelezo. Kama sponji imelowa kwa sababu tangi linavuja ndani, blanketi litaficha tu mvujo, na hapo ndipo ununue jingine.

---

Mtondoo

Na ukifika huko kwenye jingine, usinunue la aina hiyohiyo bila kufikiri. Hita ya pampu ya joto huchota joto la hewa na kwa yuniti 1 ya umeme huweka kama yuniti 3 za joto majini. Inataka chumba chenye hewa ya kutosha, bomba la kutolea matone ya maji yanayojikusanya kwenye koili zake, na uvumilivu, kwa kuwa inapasha polepole. Ya jua isiyo na pampu inataka chini ya tangi kuwe juu ya ncha ya paneli, bora kwa sentimita 30, la sivyo usiku mzunguko unageuka na paneli inarudisha joto angani. Elementi yake ya akiba ifungwe kwenye taima ya alfajiri. Ikiachwa ikiwaka muda wote, mkimaliza tu kuoga inapasha tangi zima kwa umeme, na jua likipanda linakuta maji yameshapata moto.

Lakini nunua baada ya kubadilisha shawa na kupima wiki chache. Kwa lita 140 kwa siku unahitaji tangi na paneli ndogo kuliko kwa lita 240.